Kikohozi Kilichoomba Jina

Kama una mtoto ambaye mchana anakimbiza kuku na usiku anakohoa mpaka unakaa kitandani umemshika kifua, keti kidogo, haya ni yako. Mimi si daktari. Nilisoma kwa wamisheni hadi darasa la nne, nikajua kusoma Biblia na kuandika barua, basi. Usitafute hapa majina ya dawa, niliyaona kwenye chupa na nimeyasahau. Nisichosahau ni vile benchi la hospitali linavyouma, na vile mtu anaweza kuishi mwaka mzima na jibu ndani ya boma lake asiliulize, ati kwa sababu ya heshima.

Mwanangu Wekesa alikuwa na mwaka mmoja na nusu kikohozi kilipoanza. Wakati huo tulikaa kwenye shamba la Mzungu mmoja kupita kituo kiitwacho Kwanza, katika nyumba za wafanyakazi. Mume wangu Petro alikuwa dereva wa trekta. Ilikuwa palizi ya pili, mahindi yamefika kiunoni, mvua kila alasiri. Mchana mtoto hana neno, anakula udongo kama wenzake. Jua likishatua tu, anaanza. Kikohozi kikavu, kifupi, mara tatu. Kimya. Ukidhani amelala, mara tatu tena. Nikawa nahesabu bila kutaka, na hata leo nikisikia mtu anapigilia misumari mbali, vidole vyangu vinahesabu.

Tulifanya yote yanayofanywa. Dresa wa shamba, yule mfunga vidonda, alinipa chupa ya dawa ya kahawia, ikaisha, akanipa nyingine. Jirani wa kwanza alisema asali na ndimu. Wa pili alisema mafuta ya kondoo kifuani. Wa tatu alisema nilimwachisha ziwa mapema, kwamba maziwa yaliyokatizwa humgandia mtoto ndani. Huyo sikumsalimu wiki mbili.

Nyumbani nako kukaanza kuwaka. Petro alikuwa anaamka saa kumi na moja kwenda kuwasha trekta.

"Rebeka, si umnyamazishe kidogo, bana. Mimi nitalala kwa usukani nife."

"Nimnyamazishe na nini? Na gunia?"

Hatukusemezana mpaka Jumapili, na hata hiyo Jumapili ni kwa sababu kanisani tulikaa benchi moja.

Sasa nikwambie juu ya mama mkwe wangu, maana bila yeye hakuna hadithi. Jina lake Nanjala, lakini sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya, kwa ajili ya mtoto. Alikuja kwetu kutoka Bungoma baada ya kumzika mumewe, mzee Sitati, na Petro akamjengea nyumba ndogo ya udongo hatua ishirini kutoka kwa mlango wetu. Watu hupenda kusikia kwamba mkwe na mke wa mwana ni paka na panya. Mimi nilimpenda. Alikuwa mwembamba, mikono myepesi, anapukuchua mahindi debe mbili mimi bado niko kwa moja. Alinicheka ugali wangu waziwazi, akisema Petro ameoa mpishi wa uji. Alivuta kiko, na asubuhi alikohoa kidogo mlangoni pake kabla ya kusalimia watu. Kambi nzima ilijua kikohozi hicho. Tulisema ni tumbaku.

Kwetu Wabukusu, mtoto akilia au akiugua bila sababu inayoonekana, huenda kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka jina lake lisipotee. Mnamtajia mtoto majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na pale atakaponyamaza ndipo jina lilipo. Petro alikuwa amebatizwa na hakutaka kusikia habari hizo. Mimi pia nimebatizwa. Lakini ukikaa miezi miwili bila usingizi, utakubali neno lolote linaloanza na "labda".

Kwa hiyo jioni moja, ugali bado uko motoni, Kukhu alikaa kwenye kizingiti chetu na kumpakata Wekesa. Akataja jina la kaka yake. Mtoto akakohoa. Akataja la dada yake Petro aliyekufa mdogo. Akakohoa. Alitaja mengi, mengine mimi sijawahi kuyasikia. Mwisho akasema polepole, "Sitati. Ni wewe, Sitati?" Mtoto akanyamaza, akamtazama usoni, akacheka.

Sikudanganyi, alinyamaza. Kukhu alilia mpaka kitambaa chake kikalowa. Petro mwenyewe, yule mtu wa kanisa, alitoka akamkamata jogoo wa kuchinjia jina. Tangu siku hiyo mtoto akawa Sitati kwa ukoo mzima, ingawa mimi niliendelea kumwita Wekesa. Na mzee Sitati alikufa kwa kukohoa. Sote watu wazima tuliokuwa pale tulilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Kila nyanya kwetu humtania mjukuu wa kiume akimwita mume wangu. Lakini huyu sasa alikuwa na jina la mumewe kabisa, kwa hiyo utani ukapata nguvu. "Mume wangu amekula?" "Mkinipigia mume wangu nitarudi kwetu na ng'ombe hamrudishiwi." Naye mtoto akajifunza kumjibu, "Mke wangu," kwa sauti yake ya kitoto, na kambi yote ikacheka. Na mume analala wapi kama si kwa mke wake? Jioni Kukhu alikuja kumchukua, na baada ya wiki moja hakuja tena, maana mtoto alijua njia. Alivuka ua peke yake, bila kaptula, akiburuta blanketi.

Nami nikalala. Lazima niliseme hili wazi, maana ndilo linalonirudia: nilifurahi. Nililala kama niliyezimia, na asubuhi niliamka nikamshukuru Mungu kwamba kikohozi kimekwisha. Hakikuwa kimekwisha. Kilikuwa kimehama tu, kimekwenda mahali ambapo mimi sikisikii.

Mke wa mwana hagusi kitanda cha mama mkwe wake. Hakikalii, hakitandiki, hainami kuchungulia chini yake. Mimi nilifagia nyumba ya Kukhu kila asubuhi, na ufagio wangu ulifika ukingoni mwa kitanda ukageuka. Chini pale kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa majivu. Nililiona. Niliona pia siku moja kwamba majivu yale yameshikana mabonge, na bonge moja lina rangi ambayo majivu hayana. Nikajiambia ni mambo ya kiko, nikafagia kuelekea mlangoni.

Mavuno yakaja. Petro alikuwa anabeba mahindi mpaka usiku, mimi niko shambani na wanawake wengine, na mtoto siku nzima yuko na nyanya yake. Siku moja nikamwogesha mwenyewe nikashtuka. Shati nililomshonea wakati wa Pasaka lilikuwa linaning'inia kama la kuazima. Shingoni, chini ya sikio, palikuwa na uvimbe mdogo kama harage, na mwingine chini yake. Mgongoni ungeweza kuhesabu pingili. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimwona akikimbiza kuku. Sikukumbuka.

Nilimpeleka Kitale siku iliyofuata. Kwenye baraza la hospitali kulikuwa na watu kama wa mnada, na tulikaa kutoka umande mpaka kivuli kikageuka. Kando yangu alikaa mama mmoja Mwislamu wa Matisi, mke wa fundi wa nguo, amekuja kutibiwa mguu. Bila kuniuliza jina alitandika leso yake sakafuni akasema, "Mlaze, mama. Upumzishe mikono." Akamvunjia mtoto kipande cha mkate, akakitafuna kwanza kidogo, akamlisha. Sikumwona tena maishani, na kila siku naomba mguu ule uwe umepona. Daktari alimpima mtoto, akasema huyu ni wa kulazwa siku nyingi, akaniuliza kama nina ndugu karibu na hospitali yoyote. Nilikuwa na dada yangu aliyeolewa upande wa Lugulu, karibu na hospitali ya misheni. Basi akaniandikia barua.

Huko walimchukua vipimo siku tatu. Siku ya nne aliniita muuguzi mkubwa, mama mnene wa kabila letu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na daftari.

"Mama, mtoto analala na nani?"

"Na kukhu yake."

"Kukhu anakohoa?"

"Kama wazee wote."

Aliweka kalamu chini. "Mwanangu," akasema, "si wazee wote wanaokohoa."

Nilikaa pale nikaona kopo la majivu. Sikuliona kwa kulikumbuka, nililiona kabisa, na kutu yake. Nikamwambia muuguzi juu ya lile bonge. Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu.

Kifua kikuu. Wakati ule neno hilo lilitosha kufanya watu wahame njia. Walisema mtoto atapona kama nitakaa naye na kama nitakuwa na subira, lakini wakati fulani waliyasema wakitazama dirisha. Tulikaa miezi. Nilihesabu wakati kwa sindano, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, paja la kushoto leo, la kulia kesho, mpaka mapaja yote mawili yakawa magumu kama viazi vibichi. Alijifunza kulia akiona kitu chochote cheupe, hata shuka juani. Kiangazi kikapita. Vumbi likaingia kwenye uji. Mtoto wa kitanda cha pili alikuwa msichana, rika la Wekesa, anakohoa vilevile. Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa, na mama yake ameniachia kikombe chake cha bati kwa sababu changu kilikuwa kinavuja. Nilikitumia. Unafikiri nini, ningekifanyia nini kingine?

Petro alikuja mara moja kwa mwezi, akiomba ruhusa kwa nyapara. Safari ya kwanza nilimngojea nje ya wodi.

"Ni mama yako," nikamwambia.

"Mama yangu amefanya nini?"

"Ametoa ugonjwa kwake akampa mtoto. Mlete apimwe."

"Rebeka, yule ni mama yangu. Nitamwambiaje hivyo?"

"Kama huwezi, nitamwambia mimi. Na nikimwambia mimi hutapenda."

Alimleta. Alimdanganya kwamba mtoto anamlilia, jambo ambalo halikuwa uongo. Hawakumruhusu kuingia wodini, akamwona Wekesa dirishani tu, wakachekeana kupitia kioo. Halafu wakampima yeye, na muuguzi alituambia kifua chake kimeharibika pande zote mbili, tena zamani. Walimpa kitanda. Alikilalia usiku mmoja, na asubuhi alikuwa ameketi barabarani na kifurushi chake. Alisema amemzika mume aliyekohoa na hana haja ya kufundishwa na wageni namna ya kukohoa. Petro akarudi naye shambani. Mwanamume aliyekwama katikati ya mama na mke hupoteza hata sauti. Miezi ile Petro alipungua kilo nyingi kuliko mtoto.

Mvua za kupanda zilipoanza waliturudisha nyumbani na dawa za kumeza, na onyo: mtoto asimsogelee mgonjwa, ugonjwa ukimrudia hawajui kama mwili utabeba mara ya pili.

Kukhu alikuwa ameketi mlangoni pake tulipofika. Alikuwa amepungua mpaka macho yamekuwa makubwa. Mtoto alimwona, akajipindapinda mikononi mwangu ashuke. "Mke wangu," anaita, "mke wangu." Nilimkabidhi Petro nikavuka ua ule mwenyewe.

Kuna msemo wa kumwambia mtu anayekataa tiba: mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Nilimwambia. Wewe ungeishia hapo. Mimi nikaendelea. Nilisema, "Ulijua. Ulitemea majivu ukafunika, na bado ulimchukua mwanangu ukamlaza kifuani. Ulitaka kwenda na yeye?" Nilisema hivyo kwa mwanamke aliyenifundisha kumwogesha mtoto.

Hakujitetea. Alisema tu, "Nilijua naumwa, mwanangu. Sikujua ugonjwa unatembea. Mzee alilala kando yangu miaka yote na mimi sikuona ukitembea." Kisha akatazama mtoto anayelia mikononi mwa baba yake. "Atakuja tu. Miguu yake imezoea. Mimi nitamzuiaje?"

Nilienda kwenye ua wa miti, nikavunja fimbo, nikaondoa majani, nikaiweka miguuni pake.

Akaitumia. Kila mtoto alipovuka kuelekea kwake aliinyanyua na kupiga ardhi, akamfokea kwa ile pumzi ndogo iliyobaki, "Toka! Toka hapa, sikutaki!" Hakumgusa hata mara moja. Mtoto mwanzoni alidhani ni mchezo, akacheka. Siku ya tatu hakucheka. Baada ya majuma matatu hivi aliacha kwenda. Chakula cha Kukhu nilipeleka mimi, nikaweka kwenye jiwe, na tulisalimiana vizuri kama watu wa kanisa moja wasiojuana.

Alikufa mahindi yakitoa mbelewele. Mjukuu mwenye jina la mumewe ndiye angepaswa kusimama karibu na kaburi. Mimi nilikaa na Wekesa nyumbani kwa jirani, mlango umefungwa, kwa sababu niliogopa hata udongo wa pale.

Nyumba ile ilikaa miezi miwili kabla Petro hajaibomoa, na katika miezi hiyo ilikohoa. Sema nimechanganyikiwa. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nilikuwa naamka na kuweka mkono kwenye mgongo wa Wekesa, na mgongo umetulia. Usiku mmoja nikaona Petro naye ameketi, ameelekeza sikio upande ule. Aliibomoa kesho yake, kabla ya kwenda kazini. Mpaka leo kinachonisumbua si kikohozi. Ni kimya, maana nilishawahi kufurahia kimya na kikawa uongo. Bado naamka kuweka mkono. Mtoto ana miaka kumi na mmoja sasa, na anakasirika.

Kwa hiyo wewe mama, sikiliza. Usihesabu tu mara ngapi mtoto anakohoa, uliza analala na nani. Muulize mzee wako kama anaumwa, muulize mapema, umshike mkono ukimuuliza, na umpeleke hospitali kama unavyompeleka mtoto. Kitanda cha mama mkwe kikaguliwe, na kama wewe unashikwa na aibu, mtume mumewe au mwanawe. Majina mpe mtoto, mimi siyakatai. Lakini dawa ya kumeza mpe pia, mpaka siku ya mwisho waliyokuambia, hata akionekana mzima. Na ukiwa na hasira, usiende kuongea siku hiyo.

Wekesa alipona. Nimesema polepole hivi kwa sababu hata kuliandika naogopa. Ana makovu mapajani na anashinda wenzake mbio.

Mavuno yaliyopita tulikuwa tunapukuchua mahindi barazani, sisi wanne, na binti yetu mdogo akauliza kwa nini wengine wana kukhu na sisi hatuna. Kabla sijafungua mdomo Wekesa akajibu, "Tulikuwa naye. Alikuwa mkali. Alinichukia, alikuwa ananifukuza na fimbo." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesema habari ya mvua.

Petro akaacha gunzi mikononi, akanitazama. Miaka yote hiyo hajawahi kunirushia neno lolote juu ya jambo lile. Alingoja tu.

Nikamwambia mtoto yote. Jina, kitanda, majivu, sindano. Nikamwambia kwamba fimbo ile niliivunja mimi. Alisikiliza huku anaendelea kupukuchua, punje zinaanguka kwenye debe. Halafu akauliza, "Akishanifukuza, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anageukia ukuta analia."

"Na mimi?"

"Ulikuwa unalia hapo katikati ya ua."

Akachukua hindi jingine. "Na wewe, mama?"

"Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni," nikamwambia, "naangalia kama uko mbali vya kutosha."